Kopo la Aiskrimu

Kopo lilikuwa la aiskrimu, lakini ndani hapakuwa na aiskrimu. Siri hiyo waliijua watu wawili tu katika nyumba ile. Wa tatu ndiye aliyekuwa jikoni akimenya viazi.

Mwalimu alifungua friji, akachungulia rafu ya chini, akafunga. Akafungua tena, kana kwamba friji ingejirekebisha ikipewa nafasi ya pili. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kazini, beji ya shule ya udereva bado kifuani. Siku nzima alikuwa amekaa kiti cha abiria akiwafundisha watu wazima kurudi nyuma bila kugonga ukuta, na kichwani mwake alikuwa na mambo matatu tu: achome sindano yake, ale, alale.

"Mama," alisema, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi wiki nzima, "kulikuwa na kopo la aiskrimu hapa chini. Umeliona?"

Mama mkwe aliinua uso. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikuja kuwasalimia kwa siku chache, na siku hizo chache zilikuwa zimeota mizizi.

"Nimekuokolea, mwanangu. Nani anaweka aiskrimu chini? Si itayeyuka? Mume wako fundi wa mafriji mzima, nyumbani kwake aiskrimu inalala na kabichi!" Akacheka mpaka kisu kikamtikisika mkononi. "Nimeipandisha kwenye friza tangu asubuhi, mlivyotoka tu. Sasa hivi itakuwa jiwe."

Ilikuwa jiwe. Mwalimu alilitoa kopo akampa mama mkwe mgongo, akakiinua kifuniko kidogo. Vichupa vyote vya dawa vilikuwa vimeganda, na kimoja kilikuwa kimepasuka shingoni. Hizo ndizo sindano alizokuwa akijichoma tumboni kila jioni ili mayai yake yakomae, daktari apate kuyachukua na kuyapa nafasi ambayo maumbile yalikuwa yamewanyima. Walikuwa katikati ya mzunguko. Bila dawa ya jioni hiyo, yote waliyokwisha kufanya yangekuwa bure.

Alingoja hofu ije. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitu chepesi, kitamu kidogo, na hakukipenda hata kidogo kukiona pale. Akarudisha kifuniko.

"Umeona? Imeshika vizuri," alisema mama mkwe.

"Imeshika, mama. Asante."

Katika nyumba nyingi kopo la aiskrimu huwa na kila kitu isipokuwa aiskrimu. Huwa na vifungo, huwa na kitunguu saumu, huwa na mabaki ya juzi ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuyatupa. Mama mkwe mwenyewe aliweka nyuzi zake humo. Lakini mwanawe alipenda aiskrimu tangu mdogo, mpaka akawa anaugua koo kwa ajili yake, na mama akiona kopo kama hilo kwenye friji ya mwanawe hana sababu ya kushuku. Aliliokoa kwa mapenzi. Ubaya wote wa jioni ile ulianzia kwenye mapenzi, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumpata wa kumlaumu.

Mumewe aliingia dakika chache baadaye, begi la vifaa begani, mikono inanuka gesi ya majokofu. Mtaani walimwita Barafu, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alimsalimia mama yake, akaonja kiazi kibichi, akapigwa kofi la mkono kwa kuonja. Kisha akamwona mkewe amesimama kwenye mlango wa bafu.

Alimtazama mara moja tu. Miaka sita ya ndoa ilimtosha.

"Fungua bomba," alisema Mwalimu walipojifungia.

Bafu lile lilikuwa limegeuka ukumbi wa mikutano tangu mgeni afike. Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba, na maji yakitiririka kwenye ndoo yalimeza maneno. Barafu alifungua bomba. Mwalimu akamwonyesha kopo.

"Zote?"

"Zote."

"Tukiziyeyusha polepole? Kuna namna. Kitu kikiganda ukakipandisha joto taratibu..."

"Barafu, hii si kuku."

Mwalimu alipiga simu klinikini, akaiweka sikioni mwao wote wawili, vichwa vimegusana. Aliyepokea ni nesi aliyemsimamia tangu mwanzo, mama wa makamo ambaye wagonjwa wote walimwita Sista.

"Usizitumie," Sista alisema mara moja. "Dawa hiyo ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka. Lakini usilie. Bado tupo. Mumeo aje achukue nyingine, malipo tutaelewana. Ukichelewa kidogo leo hakuna neno. Imegandaje lakini?"

"Mama mkwe alidhani ni aiskrimu."

Upande wa pili palisikika kikohozi. Kilikuwa kicheko, kikavaa nguo za kikohozi kwa heshima.

"Kwa hiyo mpaka leo hujamwambia mtu."

"Bado."

"Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

"Nile, nilale, nisijibebeshe vitu vizito."

"Na nini tena?"

"Nitafute mtu mmoja wa kumwambia."

"Unalala?"

"Kidogo."

"Leo umekula nini?"

Mwalimu alijaribu kukumbuka. Barafu naye alijaribu kumkumbukia, uso wake ukaonyesha kwamba hajui, na kwamba ameona aibu kutojua.

"Chai," alisema Mwalimu.

"Sikiliza, mwanangu. Hii dawa haifanyi kazi kwenye friji. Inafanya kazi ndani ya mtu, na huyo mtu simsikii sawasawa leo. Mzunguko unaweza kusimamishwa, tukaanza mwingine ukiwa tayari. Wengi wamefanya hivyo na hakuna aliyepungua. Njoo au usije, lakini nipigie uniambie kabla hatujafunga. Usiniache naning'inia."

Simu ilipokatika, Barafu tayari alikuwa na ufunguo wa gari mkononi.

"Nakwenda sasa hivi. Nitapita njia ya sokoni, haina foleni."

"Kaa kwanza."

"Watafunga."

"Kaa, Barafu."

Akakaa juu ya ndoo ya nguo chafu, magoti yamepanda mpaka kifuani. Mwalimu alibaki amesimama, mgongo ukutani. Kwa mwanga ule wa bafuni aliuona uso alioupenda tangu siku ya kwanza Barafu alipokuja kwake kujifunza gari, kisha akafeli mtihani mara mbili. Alikuja kukiri baadaye, wakiwa wameshachumbiana, kwamba mara ya pili alifeli kwa makusudi ili masomo yasiishe. Alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza hata pasiposemwa kitu. Sasa macho hayo yalikuwa yanaukwepa uso wake.

"Nilipoziona zimeganda," alisema Mwalimu, "unajua nilihisi nini?"

"Uliogopa."

"Nilifurahi."

Barafu aliinua kichwa.

"Nilifurahi, mume wangu. Kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Nikajiuliza, huyu ni mwanamke gani anayetafuta mtoto halafu anafurahi dawa zikiharibika? Nimejiogopa."

"Umechoka tu."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini sijachoka kwa sindano. Sindano nachoma nikiwa nimefumba macho. Jana mama yako ameniambia binti wa jirani yenu wa zamani amerudi mjini. Hajaolewa, ana afya, ana nyonga nzuri. Ameniambia mimi, nikiwa namkatia vitunguu."

"Mama alisema hivyo?"

"Tena kwa upole! Akasema hata mimi nitampenda, tutakuwa kama dada."

Maji yalikuwa yameifikia nusu ndoo.

"Asubuhi ananiamsha ninywe chai yake ya majani machungu, ya kusafisha tumbo. Naimwaga kwenye sinki akigeuka. Mchana wifi yangu ananitumia ujumbe wa mtu aliyeombewa akapata mapacha. Jioni nakuja hapa, najificha bafuni kama mwizi, najichoma, najipangusa, natoka natabasamu. Na kosa si langu, Barafu. Tumbo langu halina kasoro. Daktari alikuambia wewe, nikiwa nimekaa hapo pembeni, kwamba mbegu zako ni chache na dhaifu."

"Punguza sauti."

"Bomba liko wazi."

"Punguza tu, nakuomba."

Mwalimu alimtazama. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimshangaza. Alimwona kwa uwazi, kama mtu anavyoona mtaa wake mwenyewe akiwa juu ya ghorofa.

"Siku ile nani alisema watu waachwe wadhani ni mimi?"

"Wewe," alijibu Barafu taratibu.

"Mimi. Hukuniomba. Nilikuona umeinamisha kichwa, nikasema mwanamume huyu sitaki ainamishe kichwa mbele ya watu. Nilikupenda sana siku ile. Nilidhani nakubebea kifurushi mpaka mlangoni tu. Miaka mitatu sasa, bado nimekibeba, na mlango siuoni."

"Ningejua unaumia kiasi hicho..."

"Ulijua. Usiseme hukujua."

Barafu alijipangusa uso kwa kiganja. "Nilijua," alisema. "Nilijua nikanyamaza, kwa sababu ilinifaa."

Hakuna kitu ambacho Mwalimu alikuwa amekitamani kama kusikia maneno hayo. Alipoyasikia hayakumpa raha aliyotarajia. Alitamani tu kumshika kichwa akiweke tumboni kwake. Hakufanya hivyo.

"Nitakwenda kwa dada yangu," alisema. "Kesho asubuhi."

"Kufanya nini?"

"Kulala."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka niamke."

"Unaniacha?"

"Naenda kulala, Barafu. Humu ndani hakuna anayelala. Mama yako akiendelea kudhani anavyodhani, mimi nitaendelea kuwa mwanamke mwenye kasoro kuanzia alfajiri mpaka usiku, na mwanamke huyo hawezi kubeba mimba hata mkimpa dawa ya dunia nzima. Nimeamua kumtunza. Kila mtu humu nimemtunza, nimebaki mimi."

"Unataka nimwambie mama."

"Sijasema hivyo."

"Atanionaje?"

"Sijui. Mimi ananiona kila siku, na bado naishi."

Mlango uligongwa kwa nguvu, wakaruka wote wawili.

"Nyie!" sauti ya mama mkwe ilipenya. "Mnaoga au mnafua? Maji yanalipiwa hayo! Na chakula kinapoa!"

Barafu alinyoosha mkono akafunga bomba. Kimya kikaingia kwa ghafla, kila pumzi ikasikika. Akasimama, akamtazama mkewe. Mtazamo ule ulikaa muda mrefu kuliko walivyozoea siku za karibuni, na Mwalimu aliona ndani yake mtu anayeogopa sana. Kisha akafungua mlango akatoka.

Mwalimu alikwenda chumbani akakaa ukingoni mwa kitanda. Mlango aliuacha wazi. Hakujidanganya kwamba aliusahau.

"Mama, acha sufuria. Kaa kidogo."

"Nini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kaa."

Kiti kilikwaruza sakafu.

"Mama, hili suala la mtoto..."

"Ndiyo, mwanangu. Nimefurahi umelianza wewe."

"Tuna tatizo. Sisi. Yaani, tatizo ni letu wote wawili."

Chumbani, Mwalimu alifumba macho. *Letu wote wawili.* Mguu wake wa kulia ulijikaza wenyewe sakafuni, kama unavyojikaza garini mwanafunzi anapokata kona kwa woga. Kazini kwake alikuwa na breki ya upande wake, na kila mwalimu wa udereva anajua kwamba kuikanyaga ni rahisi. Kazi ni kutoikanyaga. Ukiikanyaga, umefika salama na mwanafunzi hajajifunza kitu. Angeweza kuinuka, akaingia jikoni na kusema, mama, usimsumbue, ni mimi. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi. Akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia.

"Najua ni lenu wote," mama mkwe alikuwa akisema. "Ndoa ni ya wawili. Lakini tumbo ni la mmoja, mwanangu, tuwe wakweli, na ndiyo maana nilikuwa nafikiri..."

"Mama. Si yeye."

"Unasemaje?"

"Si yeye. Ni mimi. Yeye ni mzima. Mimi ndiye nisiyeweza bila daktari kusaidia. Tulipimwa, tukapimwa tena."

Kitu kwenye jiko kilichemka kikafurika, hakuna aliyeinuka.

"Na mwenzako anajua?" mama aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Mwalimu hakuwahi kuisikia kwake.

"Tangu siku ya kwanza. Miaka mitatu."

"Miaka mitatu anajua kwamba si yeye."

"Ndiyo, mama."

"Na amekaa?"

"Amekaa."

"Maneno yangu yote yale. Na ile habari ya yule binti. Amesikiliza, na anajua, na amekaa?"

Mwalimu alisikia kiti, kisha akasikia mtu akivuta makamasi kwenye khanga au taulo, hakujua. Kisha Barafu akaeleza habari ya kopo, kwa sentensi fupi fupi, na mama akapiga kelele ndogo.

"Nimeua dawa ya mjukuu wangu kwa mikono yangu!"

"Hukujua. Sisi ndio tulioficha."

"Na nyie nani aliwafundisha kuficha? Hamjasikia kwamba mficha uchi..." Hakuimalizia methali. Labda aliona wapi ingeangukia.

Mwalimu alikuwa analia. Aliligundua hilo machozi yalipomfikia kidevuni. Hakulia kwa huzuni wala kwa ushindi. Mwili tu ulikuwa unatua kitu, kama mabega yanavyouma baada ya mzigo kushuka, si wakati wa kuubeba.

Barafu aliingia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alitembea wima. Alikuwa na ufunguo mkononi.

"Nimemwambia."

"Nimesikia."

"Basi twende. Bado hawajafunga, tutawahi. Utakaa garini, mimi nitashuka."

"Siendi."

Hakuelewa. Alimtazama, akautazama ufunguo, akamtazama tena.

"Lakini nimeshamwambia."

"Najua, mpenzi. Na leo nimekupenda kuliko siku yoyote. Njoo." Akamshika mkono, akamvuta karibu, akaweka paji la uso wake tumboni mwa mumewe, palepale penye harufu ya gesi na jasho. "Lakini kumwambia mama yako haikuwa nauli ya kwenda klinikini. Ulikuwa ukweli, na ulipaswa kusemwa hata kama dawa zisingeganda. Mwezi huu sichomi. Nataka kula, nataka kulala, nataka kuamka siku moja nisiulize mwili wangu swali lolote."

"Na mwezi ujao?"

"Sijui."

"Utasema ndiyo?"

"Naweza kusema ndiyo. Naweza kusema hapana. Utakaa?"

Swali hilo halikuwa refu, lakini Barafu alilichukulia muda. Mwanamume yule alitaka mtoto. Alitaka kumbeba begani, amfundishe kushika bisibisi. Dakika chache zilizopita alikuwa ameuvua utu wake mbele ya mama yake akiamini kwamba anamkaribisha mtoto huyo. Sasa aliambiwa asubiri, na kwamba kusubiri kwenyewe hakuna ahadi. Iliuma, na uso wake haukuficha kwamba imeuma. Mwalimu aliutazama uso huo na hakumsaidia.

"Nitakaa," alisema. "Lakini usiende kwa dada yako kesho."

"Nitaona nikiamka."

"Sawa. Ukiamka."

Akamlaza, akamfunika, akachukua simu. Zamani angekwenda nayo bafuni. Sasa alisimama kwenye korido, mlango wa chumba wazi, mlango wa jikoni wazi, akazungumza kwa sauti yake ya kawaida.

"Sista, ni mume wake. Hapana, hatuji. Yuko salama, amechoka. Ndiyo, usimamisheni, atakuja mwenyewe akiwa tayari. Nini? Sawa. Nitamwambia. Hapana, mimi nitampikia. Asante, Sista."

Mama yake alitoka jikoni, miwani mkononi, macho yamevimba. Alitaka mjukuu kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, na kila mtu alijua hivyo.

"Wanasemaje?"

"Wanasema alale."

Mama alichungulia chumbani. Mkwe wake alikuwa amelala tayari, mdomo wazi kidogo. Akasimama pale kwa muda, midomo ikimcheza kama mtu mwenye mengi ya kusema.

"Basi alale," alisema, akauvuta mlango taratibu mpaka ukajifunga.